Bon Haikuvuka Bunagana

Jumatatu, 2 Julai 1956

Magunia ya kahawa tangu asubuhi. Mizani, chaki, kitabu, mizani tena. Vumbi la kiangazi limeingia hadi kwenye wino.

Saa sita nimepita duka la Mgiriki kuchukua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Watu wamejazana mbele ya meza wakitafuta sarafu mifukoni. Mimi nikatoa kitabu changu cha bon chenye mhuri wa depo, nikaandika, nikasaini, nikachana. Mgiriki akapokea bila hata kutazama. Mwisho wa mwezi karatasi zinakwenda depo na Bwana anakata kwenye mshahara wangu. Kati ya weusi wa depo nzima, mimi peke yangu nina kitabu hicho. Wengine wanakopa kwa kubembeleza. Mimi nasaini.

Saini yangu ina mkia mrefu unaorudi nyuma na kupita chini ya jina. Niliufanyia mazoezi Jumapili nyingi. Sioni haya kuliandika.

Kufika nyumbani Murara, hapa Goma, kukohoa. Mama mkwe yuko kwetu tangu mtoto wetu Fideli azaliwe, analala kwenye chumba cha jiko, nyuma. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawasemezani ila kwa kupitia mwingine. Basi kabla sijazunguka kona ya nyumba nakohoa, naye anajifunika nguo yake. Jina lake pia silitaji. Hata humu siliandiki. Leo nimekohoa mpaka Verediana, mke wangu, akacheka. Anasema mama yake haoni hata kiganja chake mwenyewe, namfichia nini? Ni kweli, macho yote mawili yana ukungu mweupe. Lakini desturi ni desturi.

Jumatano, 4 Julai

Papa Kambale amekuja depo na lori lake. Ni mtu wa Butembo, anapeleka maharage na kurudi na chumvi, Uganda na huku. Ameleta habari. Daktari wa macho kutoka Kampala atakuwa Kisoro wiki ijayo, kwenye hospitali ya misheni. Siku chache tu. Kisha harudi mpaka wakati wa mvua. Anatoa ule ukungu kwa kisu kidogo. Papa Kambale anamjua mama mmoja wa Jomba aliyefanyiwa, sasa anachambua maharage yake mwenyewe.

Verediana alilia niliposimulia. Mama yake hajamwona Fideli. Anamjua kwa vidole. Anampitishia kidole usoni na kusema, "Masikio ni ya kwetu. Hii pua sijui waliitoa wapi." Pua ni yangu.

Nimesema kwa sauti kubwa, ili isikike mpaka jikoni: nitampeleka. Macho yote mawili. Nitalipa mimi. Kule jikoni nikasikia anamwimbia mtoto. Nimefurahi sana leo. Najipenda siku kama hizi.

Ijumaa, 6 Julai

Barua kutoka ofisi ya teritwari. Komisio, wakaguzi wa serikali, itakuja kuangalia nyumba yangu mwisho wa mwezi, kwa ajili ya kadi ya merite. Hatimaye! Ni kadi ngumu yenye picha yako, inayosema kwamba mweusi huyu ameendelea, aheshimiwe. Wanaangalia kila kitu. Kama mke anakula mezani na mumewe, kama una chandarua, kama una madeni, kama unatunza watu wako.

Nimezunguka nyumba kwa macho ya mgeni. Mabenchi mawili na sanduku. Aibu. Karani wa posta alinunua fotei nne, vile viti vya kuegemea vyenye mikono, akapewa kadi.

Seremala mmoja wa Birere anazo nne tayari, zina mito ya kitambaa chekundu. Nilimpa bon. Alinirudishia. "Papa Anselme, batoto yangu haikule karatasi." Mshamba.

Jumamosi, 7 Julai

Fotei ziko ndani. Zinanukia vanishi. Nimekaa kwenye moja baada ya nyingine.

Akiba yetu ilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Sasa kopo ni kopo tu. Verediana alilichukua, akalitikisa, akaniuliza, "Na macho ya mama?"

Nikamwonyesha kitabu cha bon. Nikamweleza kwa kirefu. Kisenyi si ng'ambo ya mpaka? Si Ruanda ile? Navuka kwa miguu jioni yoyote, na Mhindi wa Kisenyi anapokea bon yangu na kuniita Monsieur. Mpaka ni mpaka. Tena pesa zinaibiwa njiani, bon haiibiwi, bila saini yangu ni karatasi tu. Nilisema vizuri. Nilisimama huku nasema.

Aliuliza neno moja. "Kule banakujua?"

Nikamwambia mtu mwenye mhuri anajulikana popote. Akaenda kumbadilisha mtoto nguo.

Jumanne, 10 Julai. Kisoro

Bwana alinipa siku nne na ruhusa ya kusafiri. Tumeondoka kabla ya jua. Verediana, mtoto na mama mkwe ndani na dereva, yaani Papa Kambale mwenyewe. Mimi juu ya magunia ya maharage, nikiwa na suti na tai, kwa sababu siwezi kukaa bega kwa bega na mama mkwe. Mpaka Rutshuru nilikuwa mweusi. Baada ya Rutshuru nikawa mwekundu kwa vumbi.

Bunagana, kwenye kizuizi cha mpaka, wanawake wenye vibeti wanakimbilia lori. "Shilingi! Shilingi!" Wanabadilisha faranga. Papa Kambale alishuka, akabadilisha zake. Mimi niliwapungia mkono waondoke. Mmoja alinisifia tai.

Ng'ambo ya kizuizi lori likahamia upande wa kushoto wa barabara. Wanaendesha hivyo kwa Waingereza. Nilishtuka, nikashika kamba.

Kisoro niliingia dukani kununua mkate na sukari. Mhindi alipima sukari, akaifunga. Nikasaini bon. Akaitazama, akanirudishia kwa vidole viwili, akafungua ile karatasi ya sukari na kuimwaga tena guniani. Nilitoka nikijiambia ni mtu wa duka dogo, hajazoea. Hospitali ni jambo lingine. Hospitali ina maofisa.

Tumekula maharage ya Papa Kambale kwa rafiki yake anakofikia. Nimekula kidogo.

Jumatano, 11 Julai

Naandika nikiwa nyuma ya ukuta wa hospitali. Sitaki kuonekana na mtu.

Foleni ilikuwa ndefu, wazee watupu, wengi wameshikwa mkono. Daktari alimulika macho ya mama mkwe na taa ndogo. Akasema yanaweza kufunguka. Yote mawili. Verediana aliachia kigelegele, akajiziba mdomo. Tukaambiwa tulipe kwanza dirishani, ndipo mgonjwa apewe kitanda. Fideli akaanza kulia, Verediana akatoka nje kumnyonyesha. Nikabaki mimi na mama mkwe. Yeye mwisho wa benchi, amejifunika. Mimi mbali, nimempa mgongo, kama inavyotakiwa.

Zamu yangu ikafika. Nikatoa kitabu. Nikaandika macho mawili. Nikasaini, na mkia wake wote. Nikachana.

Karani wa dirishani aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena mbele. "Pesa iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akamwita mwenzake, wakaisoma wote wawili, midomo ikicheza. Nikaanza Kifaransa. Hawajui Kifaransa. Hapo ndipo niliponyong'onyea, maana sikuwa na lugha ya kujifichia. Kule wanasema Kifumbira, ambacho ni Kinyarwanda chetu tu. Kila neno nililosema lilieleweka na benchi nzima, na mama mkwe pia. Nilisema mimi ni karani mkubwa. Nilisema depo, nilisema mhuri. Nilisema Kisenyi wanaipokea. Nilisema nitapewa kadi mwezi huu. Nilisema nitaleta pesa mwisho wa mwezi. Akanijibu kwa upole kwamba daktari anaondoka Jumamosi. Kisha akauliza kama kuna mtu yeyote hapa anayenijua.

Papa Kambale alikuwa sokoni. Nilijiona, tai, vumbi na karatasi.

Ndipo mama mkwe akasema. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisemesha.

"Papa Fideli," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "umesahau pesa yako uliyonipa niichunge njiani. Hii hapa."

Akafungua fundo la nguo kiunoni, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akanyoosha mkono.

Sikuwahi kumpa chochote.

Alinyoosha mkono kuelekea nguzo. Alidhani nipo pale, sauti yangu ilimpotosha ndani ya ule ukumbi. Mkono ukabaki hewani na kitambaa chake. Nami nikabaki mahali pangu. Ningependa kuandika kwamba ni desturi iliyonizuia. Si desturi. Nilikuwa natafuta namna ya kuipokea bila kuonekana naipokea. Mkono wake haukushuka. Mtu mmoja wa benchi akasema, "Mama, huko ni nguzo," na watu wakacheka. Hapo nikatembea, nikapita mbele ya nguzo, nikasimama pale alipodhani nipo. Nikapokea. Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa baridi.

Shilingi. Zimekunjwa moja moja, zina harufu ya siagi. Zilitosha jicho moja na chakula cha siku za kulala.

Karani akaniuliza, "Kumbe ulikuwa unatutania, mzee?" Nikacheka. Nilicheka kweli, nikampiga kidogo begani kupitia dirishani. Akauliza jicho gani. Nikasema la kulia. Mama mkwe hakuulizwa.

Alhamisi, 12 Julai

Jicho la kulia limefanyiwa. Amelala chali, amefungwa kitambaa kichwa kizima, haruhusiwi kugeuka. Verediana anamlisha uji.

Tulipokuwa nje Verediana aliniambia. Mama yake alikuwa na shilingi. Ni za siagi, miaka na miaka ya kuwauzia wanawake wa Bunagana siku za soko. Alitaka kumnunulia Fideli mtamba hapa Kisoro, ng'ombe wake wa kwanza, maana huku bei ni nafuu. Kwa hiyo alikubali safari haraka. Macho hata hakuyatumaini.

"Sasa fundo yake iko tupu," Verediana alisema. "Nimemuuliza. Anasema ile ya ng'ombe aliiacha nyumbani. Anasema ya jicho ulimupa weye."

"Amesema hivyo?"

"Mara mbili."

Alinitazama. Anajua. Na mimi najua kwamba anajua. Nilisema naenda kutafuta maji.

Ijumaa, 13 Julai

Nimerudi Goma na Papa Kambale, wao wamebaki. Alinikaribisha ndani ya lori kwa kuwa kuna nafasi. Nikakataa, nikapanda juu. Alidhani ni majivuno. Safari hii haikuwa majivuno.

Fotei zimenisubiri. Nyekundu.

Jumatano, 18 Julai

Kahawa. Mizani. Nimekosea hesabu ya magunia mara mbili, Bwana ameniuliza kama naumwa.

Dukani kwa Mgiriki nilitoa kitabu cha bon, nikashika kalamu, mkono ukakataa kuchora ule mkia. Nikasaini jina tu. Mgiriki kwa mara ya kwanza akaitazama bon yangu. "Ni weye kweli?" aliuliza. Alikuwa anatania. Nimeikumbuka njia nzima.

Nyumba bila watu ina sauti mbaya. Bado nakohoa nikifika kwenye kona. Najisikia mpumbavu na naendelea kukohoa.

Jumanne, 24 Julai

Wamerudi.

Verediana amenisimulia jinsi ilivyokuwa walipofungua kitambaa. Walimwekea Fideli mapajani kabla. Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Kisha akapitisha kidole kwenye masikio, kama alivyozoea, akasema, "Kumbe ni mweupe hivi!" Akamfunua miguu akahesabu vidole, akacheka, akalia, muuguzi akamkataza kulia.

Jicho la kulia linaona. Amefungiwa kitambaa cheusi kinachoning'inia juu yake kulikinga na jua. La kushoto bado ni jeupe. Daktari alisema wakati wa mvua atarudi. Verediana aliniambia hilo akiwa anakunja nguo, hakunitazama.

Nimefurahi? Ndiyo. Nimefurahi na nimechafuka moyo, vyote pamoja. Kila ninaposikia anacheka na mtoto kule nyuma nahesabu jicho moja.

Sasa kikohozi changu kina maana. Nikikohoa, nasikia nguo inavutwa usoni.

Jumamosi, 28 Julai

Komisio.

Walikuja watatu. Bwana mkubwa wa teritwari, mwandishi wake, na Madame mmoja anayeangalia mambo ya wanawake. Bwana akakaa kwenye fotei. Akaupapasa mkono wa kiti, akasema nzuri. Verediana alileta chai, akakaa mezani kama tulivyopanga. Chandarua kikaonekana, kopo la maziwa la Fideli likasifiwa kwa usafi. Kila kitu kilikwenda vizuri mno.

Madeni? Hakuna. Bwana akaomba kuona kitabu cha bon, akakipekua, akatabasamu. Mtu anayeaminiwa, alimwambia mwandishi.

Madame alikuwa ametoka nyuma kuangalia jiko. Akarudi mikono kifuani. Nani yule bibi mwenye kitambaa juu ya jicho, mwenye mtoto? Nikamweleza. Uganda, daktari, ukungu. Akauliza ni nani aliyemlipia.

Ningeweza kusema ni yeye mwenyewe. Maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Mimi," nikasema.

"Kwa mkopo?" akauliza Bwana.

"Hapana, Bwana. Taslimu."

Verediana aliinua kikombe, akakirudisha mahali pake bila kunywa. Mwandishi akaandika. Bwana akamwambia mambo kama haya ndiyo wanayotafuta, mtu anayetunza wazee wake kwa jasho lake. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ingeishia hapo, ningebaki na uongo wangu mmoja. Lakini Madame alifurahi mno. Akanishika mkono wa koti, akanivuta hadi uani. Sikukohoa. Hakukuwa na nafasi ya kukohoa. Tukazunguka kona, na mama mkwe alikuwa pale kwenye kigoda, kivulini, kile kitambaa cheusi amekiinua juu ya paji ili amwone mtoto.

Akaniona.

Hajawahi kuniona. Nimekuwa mkwe wake miaka yote hii na sijawahi kuwa na uso. Alinitazama kwa lile jicho moja, moja kwa moja, na sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Mama," Madame alisema, kwa Kiswahili chao, "weye iko na mukwe muzuri sana. Yeye alilipa jicho yako. Ni kweli?"

Bwana na mwandishi walikuwa wametufuata. Wote wanangoja. Verediana amesimama mlangoni. Neno moja tu la mama yake, na kadi imekwisha, kazi labda pia. Naye alikuwa na haki ya kulisema.

"Ndiyo, Madame," akasema. "Alilipa. Pesa mukononi, mbele ya batu bote."

Kisha akavuta nguo, akafunika uso, taratibu, kama inavyotakiwa mbele ya mkwe.

Jumapili, 29 Julai

Misa. Sikupanga foleni ya komunyo. Verediana alikwenda, akarudi, akapiga magoti kando yangu.

Jioni alinipa salamu. Mama yake amesema sasa amejua pua ya Fideli ilikotoka. Ni hilo tu alilosema kuhusu jana. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 10 Agosti

Kadi imekuja. Bwana wa depo alinipa mwenyewe, akanishika mkono mbele ya wapimaji wote, wakapiga makofi. Picha yangu ndani yake ina tai ileile.

Niliota kadi hii tangu nikiwa kijana wa kupanga magunia. Nilidhani nikiishika nitajiona mrefu. Nimeitia kwenye mfuko wa koti, na tangu hapo natembea nikiwa nimekunja bega upande huo.

Wapimaji wananiita Monsieur Anselme sasa. Naona haya kuitika.

Jumanne, 14 Agosti

Karani wa posta amekuja kutazama fotei, anataka nyingine mbili kwa ajili ya veranda. Nikamwambia achukue nne. Alidhani naondoka Goma. Bei aliyotaja ni ndogo, nami sikubishana. Nilimwambia jambo moja, pesa mkononi, siyo bon. Alicheka sana. "Weye?" aliuliza.

Verediana alishika mlango wakati zinatoka. Alichukua ufagio akafagia pale zilipokuwa. Kisha akaniletea chai kwenye benchi, akakaa kando yangu. Hajakaa kando yangu tangu Kisoro.

Jumamosi, 18 Agosti

Birere mchana. Wanawake wenye vibeti wako pale pale karibu na njia ya Kisenyi, nilikuwa nikiwapita kila siku bila kuwaona. Nilibadilisha faranga zote za fotei zikawa shilingi. Yule mama alizihesabu mara ya pili mbele yangu kwa sababu nilionekana sina uhakika. Zinatosha jicho la kushoto. Mtamba hawezekani bado. Mtamba itakuwa mishahara mingi.

Mama mkwe anarudi kwake Rutshuru kesho na Papa Kambale, kwenda kupanda maharage kabla ya mvua. Nilimpa Verediana shilingi ampe mama yake. Alizisukuma nyuma kwangu juu ya meza.

"Nazo utamupa weye," alisema. "Alikupa kwa mukono wake."

Nikamwambia haifai, desturi. Aliendelea kuchambua mchele.

Jumapili, 19 Agosti

Baada ya misa lori lilikuwa njiani, injini inanguruma. Majirani wengi wamekuja kuaga. Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa lori, mgongo kwangu, kitambaa cheusi kimeteremshwa. Verediana alikuwa na mtoto upande wa pili. Makusudi, nadhani.

Nilikohoa. Akavuta nguo usoni. Sikugeuka kurudi. Nilitembea mpaka karibu yake, mbele ya watu wa Murara wote, nikanyoosha mkono wenye zile shilingi. Nilijiambia akiuacha hewani mpaka jioni nitasimama hapo mpaka jioni.

Hakuuacha. Aliuona, akapokea papo hapo, kwa mikono miwili, uso wake akiuelekeza chini. Akazifunga kwenye fundo la kiunoni. Kisha akasema, si kwangu, kwa Verediana ng'ambo ya lori, kama zamani:

"Mwambie Papa Fideli pesa yake nitaichunga."

Verediana hakuniambia. Nilikuwa nimesikia.

Papa Kambale akaondoa lori. Vumbi likachukua muda kutua. Verediana alikwenda na mtoto kwa jirani. Mimi nikarudi nyumbani peke yangu, na nilipofika kwenye kona nikakohoa, nikangoja kidogo, kisha nikakumbuka kwamba kule nyuma hakuna mtu.